Masafa ya kati usiku: kwa nini Bahi nasikia Uarabuni, na Dodoma mjini nasikia mvumo tu?

Mwana wa Bahi (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Naomba kuelimishwa juu ya jambo linalonisumbua tangu mwezi wa sita.

Marehemu baba aliniachia mazoea ya kusikiliza redio usiku. Alikuwa na National ya betri kubwa nne, iliyovishwa mkoba wa ngozi, ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa kabla taarifa ya habari haijakwisha. Redio ile ilikwishakufa zamani, lakini mwaka huu nimepata ndogo aina ya Tecsun, yenye kioo cha tarakimu, niliyoletewa na ndugu aliyekuwa Marekani. Kila nikienda nyumbani Bahi mwisho wa juma naiweka juu ya kigoda uani, nachagua AM, yaani masafa ya kati, na kuzungusha kitufe taratibu huku wengine wakiota moto.

Mchana hakuna kitu isipokuwa mchakacho mdogo. Jua likishazama, mahali palipokuwa patupu pote panajaa watu: Kihindi kwanza, halafu Kiarabu, halafu lugha ambazo sina hata jina lake. Kituo kinachoingia kwa nguvu kuliko vyote nakipata kwenye 1520. Kina kisomo cha Kurani na mazungumzo ya Kiarabu. Kingine, chenye nyimbo za Kihindi, kiko kwenye 1070. Sauti hujaa kana kwamba mtangazaji yuko Dodoma mjini, kisha hufifia polepole hadi nikadhani betri zimekwisha, na kabla sijanyanyuka kutafuta nyingine inakuwa imerudi.

Maswali yangu ni haya. Kwa nini ni usiku tu? Kwa nini redio hiyohiyo nikiiwasha nyumbani kwangu Nkuhungu inavuma mvumo mmoja tangu mwanzo wa bendi hadi mwisho, wakati kutoka Bahi hadi hapa si mbali? Na mtu anajuaje kwa uhakika kwamba kituo alichokisikia ni kipi, ikiwa hajui lugha yake? Mke wangu ameshaanza kuwaambia majirani kwamba ninatafuta majini.

Kijana wa Area C

Kaka, jibu ni rahisi: mjini uko bondeni na majengo yanakuzuia. Panda mlima Imagi na redio yako, utasikia dunia nzima. Vinginevyo pakua programu ya redio kwenye simu, kwa sababu vituo vingi vya Uarabuni na India vipo kwenye intaneti na vinasikika bila mkoromo hata mchana. Sielewi faida ya kuhangaika na kitu ambacho kifurushi cha bando kinakimaliza.

Mwalimu wa Fizikia, Kondoa

Ndugu Mwana wa Bahi, nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Katika upande wetu wa dunia hakuna nafasi ya 1520 wala ya 1070. Afrika, Ulaya na Asia, vituo vya masafa ya kati vimepangwa kwa hatua ya kilohezi 9, kuanzia 531 hadi 1602, kwa hiyo kila namba iliyo halali hugawanyika kwa tisa bila kubaki kitu; mabara ya Amerika ndiyo yanayotumia hatua ya kilohezi 10. Redio yako ilikuja ikiwa imepangwa kwa utaratibu wa huko ilikonunuliwa, ndiyo maana inasimama kando ya kituo badala ya juu yake, na bila shaka sauti unayoipata ina ukwaruzo kidogo. Tazama mwisho wa bendi: ikiwa namba zinaendelea hadi 1700 na zaidi, basi ndivyo ilivyo. Soma kijitabu chake uihamishe kwenye hatua ya 9, nawe utakuta kituo chako cha kwanza kiko 1521 na cha pili 1071.

Sasa suala la usiku. Mchana jua huichaji hewa ya juu, na tabaka la chini kabisa la hewa hiyo yenye chaji, lililo kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu, huyameza mawimbi ya masafa ya kati kabla hayajafika mbali. Kinachobaki ni yale yanayotambaa juu ya ardhi, nayo huchoka baada ya kilomita mia moja au mia chache, kulingana na nguvu ya mtambo na aina ya udongo. Jua likizama, tabaka lile hutoweka upesi, na mawimbi yanapata njia ya kupanda hadi kwenye matabaka ya juu zaidi, kuanzia kilomita 100 hadi 300 na zaidi, ambayo huyapinda na kuyarudisha chini mbali sana na yalikotoka. Marconi, mmoja wa waasisi wa redio, alipotangaza mnamo Desemba 1901 kwamba amepokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki, wataalamu walijiuliza mawimbi yamewezaje kuufuata mviringo wa dunia, na mwaka uliofuata Kennelly huko Marekani na Heaviside huko Uingereza, kila mmoja kivyake, wakapendekeza kwamba huko juu lazima kuna tabaka linaloyarudisha. Uthibitisho wa majaribio ulitolewa na Appleton mwaka 1924, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi hiyo.

Kufifia na kurudi kwa sauti kunatokana na hayohayo. Wimbi moja hukufikia kwa njia mbili au tatu zenye urefu tofauti, na kwa kuwa matabaka ya juu hayatulii, mara mawimbi hayo yanaongezeana nguvu, mara yanauana. Betri zako hazina hatia.

Umesema pia kwamba Kihindi ndicho kinachotangulia jioni. Hapo umeangalia vizuri kuliko unavyodhani. Giza hutoka mashariki kuja kwetu, na wakati jua linazama Bahi, saa kumi na mbili na nusu hivi, India magharibi kwenyewe kumekuwa na usiku kwa zaidi ya saa mbili, kwa hiyo njia ya upande huo hufunguka mapema. Alfajiri mambo hugeuka: kwetu kunapopambazuka, Afrika Magharibi bado ni usiku mzito, na huo ndio wakati wa kuelekeza sikio huko.

Kuhusu ushauri wa kijana wetu wa Area C, mlima husaidia FM, kwa sababu mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga na huzuiwa na vilima. Mawimbi ya masafa ya kati yana urefu wa mita 187 hadi 565 kila moja, na yale ya usiku yanakushukia kutoka angani, kwa hiyo jabali la Imagi halikuongezei chochote. Ikiwa utasikia vizuri ukiwa kule juu, ni kwa sababu umeziacha nyumba za watu chini.

Mwana wa Bahi

Mwalimu, marahaba kwa elimu hii, yaani nimesoma mara mbili. Namba zinaishia 1710, kama ulivyosema. Nimebadilisha hatua usiku huu huu, na mvumo wa Nkuhungu uko palepale.

Fundi Mstaafu, Mpwapwa

Mwanangu, mvumo huo unauzalisha wewe mwenyewe na majirani zako. Nimetengeneza redio tangu enzi za valvu, na nakuambia kwamba zamani adui wa msikilizaji alikuwa umbali na radi, lakini siku hizi ni chaja ya simu. Taa za LED za bei nafuu, chaja, king'amuzi, televisheni, na hasa kile kiboksi kinachodhibiti umeme wa sola, vyote vinakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kimojawapo ni mtambo mdogo wa kurushia uchafu kwenye masafa ya kati. Kijijini kwenu hamna vitu hivyo kwa wingi, basi redio inasikia.

Fanya hivi kabla hujatumia hata shilingi. Weka redio yako kwenye betri, iwashe kwenye nafasi isiyo na kituo, kisha uzime swichi kuu ya umeme wa nyumba. Mvumo ukikatika, adui yuko ndani kwako. Rudisha umeme huku kila kitu kikiwa kimechomolewa, halafu chomeka kimoja kimoja hadi umtambue. Mimi kwangu ilikuwa chaja moja ya mjukuu wangu, iliyokuwa inakaa ukutani siku nzima bila simu. Mvumo usipokatika, unatoka kwa jirani au kwenye nyaya za barabarani, na hapo dawa ni kusogea na kugeuza redio.

Nasema kugeuza kwa sababu watu wengi hawajui kwamba redio ya masafa ya kati ina upande. Antena ya fimbo ya chuma unayoivuta juu ni ya FM na masafa mafupi. Ya masafa ya kati iko ndani, ni kipande cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, kimelala kwa urefu wa redio. Kinasikia vizuri mbele na nyuma ya uso wa redio, na kinakuwa kiziwi kwenye ncha zake mbili. Kwa hiyo mgeuzie mwenye kelele ncha, si uso.

Ukitaka zaidi ya hapo, usikimbilie kutundika waya mrefu juu ya mwarobaini. Redio hizi ndogo hulewa zikipewa waya mrefu, zinaanza kuchanganya vituo, na waya huohuo unakusanya mvumo wa mtaa mzima, mbali na hatari ya radi wakati wa masika. Tengeneza fremu ya mbao yenye umbo la msalaba, kila upande wa mraba wake uwe mita moja, uzungushie waya wa kawaida mizunguko minane hivi, uachane kidogo kidogo, halafu unganisha miisho yake miwili kwenye kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 365, ile yenye mabawa ya bati ambayo utaipata kwenye redio yoyote ya mbao iliyokufa. Haiunganishwi na redio kwa waya. Unaiweka redio karibu na fremu, unazungusha kapasita taratibu, na ukifika mahali pake utasikia kituo kinainuka kama mtu aliyeamshwa. Bila betri, bila soketi. Mizunguko ongeza au punguza mmoja mmoja ikiwa mwisho wa bendi haufikiki.

Mama wa Itigi

Nami niongeze kidogo, maana ninaishi kwenye vichaka vya Itigi ambako nguzo za umeme hazijafika mtaani kwetu, na sina adui mwingine isipokuwa radi.

Kwa kijana wa Area C: mwanangu, kwenye simu unapata kituo ulichokichagua. Sisi tunakaa kusikiliza ili tujue usiku wa leo umeleta nini, na usiku miwili haifanani. Kuna wakati nimekaa hadi saa sita bila kupata kitu kipya, na sijutii. Wenzetu wa Ulaya na Japani wamekesha miaka mingi wakiitafuta Sauti ya Tanzania Zanzibar kwenye masafa mafupi ya kilohezi 11735, wakaandika barua za kuomba kadi ya uthibitisho kwa kituo ambacho sisi tulikiona cha kawaida.

Kwa Mwana wa Bahi: nunua daftari. Andika tarehe, saa, namba ya masafa, lugha, na ulichokisikia, hata kama ni wimbo tu au mlio wa saa. Usiandike jina la kituo mpaka kijitaje chenyewe, au mpaka uwe na sababu mbili zisizotegemeana. Orodha za vituo zilizopo ni msaada, lakini mitambo hufungwa kila mwaka. Ujerumani, kwa mfano, ilizima masafa yake ya kati mwisho wa mwaka 2015, na orodha za kabla ya hapo bado zinazunguka. Sikiliza hasa dakika mbili kabla na baada ya saa kamili, kwa sababu hapo ndipo vituo vingi hujitambulisha.

Na uwe mwangalifu na saa. Ripoti kwa kituo cha nje huandikwa kwa saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Ripoti yangu ya kwanza kabisa niliandika nimesikia saa 3 usiku, nikaiweka 03:00, nikasahau kwamba saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu magharibi, kisha nikaondoa saa tatu juu ya kosa hilo. Wakanijibu kwa adabu kwamba muda huo mtambo wao ulikuwa umezimwa. Saa tatu usiku yetu ni 21:00, na kimataifa ni 18:00. Barua hiyo ninayo hadi leo.

Mimi napendelea kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, ambapo anga letu la kati halina mawingu ya mvua. Hata hivyo kuna usiku unasikia mipasuko hali nyota zote zinaonekana. Hizo ni radi za bonde la Kongo, moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, nazo husafiri kwa njia ileile ya angani zinayopita sauti.

Mwana wa Bahi

Mzee Fundi, shikamoo. Nimezima swichi kuu saa mbili usiku, watoto wakapiga kelele kwa sababu ya katuni, na mvumo ulikatika kama umekatwa na panga. Nilipochomeka kimoja kimoja, wa kwanza alikuwa taa mbili za sebuleni nilizonunua kwa bei ya kutupa, na wa pili kiboksi cha sola juu ya kabati. Taa nimezibadilisha. Kiboksi nakizima ninaposikiliza. Bado kuna mvumo mwembamba kutoka upande wa jirani, lakini nikimgeuzia ncha ya redio unapungua kiasi cha kuvumilika, na kwa mara ya kwanza nimeisikia 1521 nikiwa Nkuhungu.

Mama, daftari nimenunua. Swali langu la tatu sasa limekuwa hili: 1521 ni wapi? Orodha niliyoiona inataja zaidi ya mtambo mmoja kwenye namba hiyo.

Mwalimu wa Fizikia, Kondoa

Miongoni mwa wanaojulikana kwa miaka mingi kwenye 1521 ni mtambo wa Saudi Arabia ulioko Duba, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wenye kilowati 2,000, na mtambo wa China ulioko Hutubi, upande wa Xinjiang, uliokuwa na kilowati 500 na kurusha matangazo ya lugha za kigeni. Lugha unayoisikia tayari inaegemea upande mmoja, lakini Mama wa Itigi ametaka sababu mbili zisizotegemeana, nami ninayo moja ya kukupa.

Fungua ramani. Duba na Dodoma ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 35 na kitu mashariki, yaani mtambo ule uko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, umbali wa kama kilomita 3,700. Hutubi iko kaskazini mashariki. Sasa tumia uziwi wa feraiti alioueleza Mzee Fundi: weka redio mezani, izungushe polepole, na uangalie ncha zake zinaelekea wapi sauti inapodhoofika kabisa. Rudia mara nyingi na uchukue wastani, kwa sababu wimbi linaloshuka kutoka angani halina ukimya mkali kama lile la ardhini, na kufifia kwa kawaida kunaweza kukudanganya. Tena kipimo hiki hakitofautishi mbele na nyuma. Kitakupa mstari tu, na kaskazini itafanana na kusini.

Kuhusu 1071, mgombea wa kwanza ni mtambo wa All India Radio ulioko Rajkot, jimbo la Gujarat, wa kilowati 1,000, umbali wa karibu kilomita elfu tano kutoka hapa. Usiandike bado.

Fundi Mstaafu, Mpwapwa

Mwalimu, mwambie pia aiondoe redio kwenye meza ya chuma. Nimeshamwona mtu akipima upande wa kituo juu ya bati, akapata Kusini kila kitu.

Mwana wa Bahi

Nimerudi na majibu ya juma zima. Nimefanyia kipimo Bahi, juu ya kigoda cha mbao, usiku mitatu mfululizo, mara kumi kila usiku. Mara ishirini na mbili kati ya thelathini sauti ilidhoofika ncha zikiwa zimeelekea kaskazini na kusini, au karibu na hapo. Mara nane zilizobaki sikuona tofauti ya kueleweka, na nimeziandika hivyohivyo.

Sababu ya pili imetoka mahali ambapo sikutarajia. Niliirekodi dakika ya saa kamili kwa simu, saa nne usiku, na hata mimi nisiyejua Kiarabu nilishtuka kusikia neno «idhaa» ndani ya sentensi, neno letu lilelile. Jumamosi nilimpelekea ustadhi wa msikiti wa jirani asikilize. Aliweka simu sikioni, akacheka, akasema: «Huyu anasema ni idhaa ya Ufalme wa Saudia, kutoka Riyadh.» Nikababaika kidogo, kwa kuwa tulikuwa tumesema Duba.

Mwalimu wa Fizikia, Kondoa

Usibabaike. Riyadh ndiko iliko studio, na mtangazaji hutaja mji wa studio. Mlingoti unaokurushia mawimbi unaweza kuwa kilomita elfu moja kutoka hapo, na feraiti yako hupima mlingoti, haimpimi mtangazaji. Andika vyote viwili kwenye daftari: studio Riyadh kwa kusikia, mtambo Duba kwa kipimo cha upande na kwa orodha.

Mama wa Itigi

Na saa uliyoandika, mwanangu, ni 19:00 ya kimataifa. Nimeihesabu mara mbili.

Mwana wa Bahi

Nimeandika 19:00, Mama. Ile 1071 bado nimeacha mstari wazi; jana walipokaribia saa kamili sauti ikafifia, na iliporudi walikuwa tayari kwenye wimbo mwingine. Fremu ya Mzee Fundi imefika mizunguko sita, waya umeniishia. Kesho naamka saa kumi na moja alfajiri nijaribu upande wa magharibi.